Miche Mitano ya Mgawa Maji

Swali lake la kwanza kuhusu mmea wowote lilikuwa lile lile: "Unakunywa kiasi gani?" Hakuuliza unazaa lini, wala sokoni wanaupokeaje. Uwe mparachichi wa kisasa, uwe mche wa maua ya kuzungushia kaburi, alisimama mbele yake, akaweka mikono nyuma, akauliza unakunywa kiasi gani. Ukimjibu "kidogo tu, babu," alikukazia macho mpaka ujirekebishe, useme ndoo ngapi, kila baada ya siku ngapi.

Sisi tuliokulia kule juu ya Moshi, kwenye ukanda wa migomba na kahawa, tulimwita Mgawa Maji. Wapo watoto waliomaliza darasa la saba bila kujua kwamba ana jina jingine. Kazi yake ilikuwa mfongo, yaani ule mfereji uliochimbwa na wazee wa zamani kwa majembe, unaochepusha maji ya mto karibu na msitu na kuyateremsha kihamba kwa kihamba, yaani shamba la kila nyumba, hadi chini. Kila nyumba ilikuwa na zamu yake. Yeye ndiye aliyesema zamu inaanza na kwisha saa ngapi, ndiye aliyeziba na kuzibua, na watu wakigombana ndiye aliyehukumu. Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho kabisa, mkiani. Maji yakitufikia, ujue nyumba zote za juu zimetosheka na zamu zao, na mzee amefanya kazi. Nilikua nikiamini kwamba maji yetu yanatoka kwake, si mtoni.

Alivaa mabuti ya mpira siku zote, hata kanisani, ila Jumapili aliyaosha. Mkanda wa saa yake ulikatika kabla sijaanza shule, akaufunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli, na hivyo ndivyo ulivyobaki. Alikuwa na fimbo ya mkahawa yenye alama tatu za kisu. Aliichovya kwenye mfereji, akasoma kina, akatikisa kichwa. Nikiwa mdogo nilidhani anazungumza na maji. Baadaye nikagundua kwamba alikuwa anahesabu nyumba.

Akiwa kazini hakula kwa mtu. Mama alimpikia kitawa, zile ndizi zilizopondwa na maharage, akamwekea kibarazani siku ya zamu yetu. Mzee akatazama bakuli, akameza mate, akasema, "Nitakula siku ambayo si zamu yako." Tulicheka. Lakini Jumanne yake alitokea kweli, bila kualikwa, akakaa kwenye kigoda, akala mabakuli mawili akiwa kimya, akashukuru, akaenda zake.

Padri mmoja aliyepita hapo parokiani aliwahi kutuma mtu aombe maji ya kufyatulia matofali ya ukumbi, nje ya zamu. Jibu lililorudi ni kwamba matofali ya Mungu yasubiri mpaka Alhamisi. Padri alicheka, akasubiri. Mdogo wake mwenyewe, wa tumbo moja, alizibua mfereji nusu saa kabla ya wakati wake, naye akakosa maji wiki tatu. Hawakusalimiana miaka miwili. Walipatana kwenye msiba, mdogo mtu akiwa amemshikia jani la isale, kama wanavyoombana radhi watu wa kwetu, na hata hapo Mgawa Maji alilipokea huku akisema, "Ilikuwa nusu saa."

Mimi nina langu la kumshukuru. Baba alipofariki, wanaume wa mfongo walitaka zamu yetu igawanywe, kwa sababu kila nyumba ilipaswa kutoa mwanamume wa kusafisha mfereji kabla ya kiangazi, na sisi tulibaki mama na mimi. Nilikuwa msichana wa darasa la tano. Mzee alinitazama, akaniambia ninyooshe mikono. Nikainyoosha.

"Huyu ana mikono miwili," akawaambia. "Mnataka mingapi?"

Siku ya kusafisha nilikwenda na jembe la baba. Aliniweka kando yake, na kwa siku nzima hakunisaidia hata kidogo. Nilipochoka alisimama akaninyamazia mpaka nikaendelea. Jioni akawaambia wenzake kwamba sehemu yangu imesafishwa vizuri. Sijawahi kusifiwa tena namna ile, hata na watu walionipenda.

Cha ajabu ni kwamba mtu huyu, aliyemaliza kesi ya ndugu wawili kabla uji haujapoa, hakuweza kuamua jambo lolote lake mwenyewe. Mabati ya nyumba yake yaliegemezwa ukutani miaka mitatu, kwa sababu hakujua kama ayapake rangi nyekundu au ayaache. Mke wake alimletea sweta mbili kutoka mtumbani achague moja. Akazivaa zote, moja juu ya nyingine, mpaka zikachakaa pamoja. Nilimuuliza siku moja kwa nini. Akasema, "Ya watu nayaona yakiwa mbali. Yangu yapo karibu mno."

Sasa nieleze habari za ile miche.

Nilipokuwa mkubwa niliajiriwa kwenye kitalu cha miche pale mjini, kando ya barabara. Nilipanga chumba mtaa wa Soweto, hapo hapo mjini, na Jumamosi nilipanda kwenda kwa mama. Siku moja bosi wangu, mwanamke mpenda majaribio, alirudi kutoka Arusha na miche ishirini ya bluberi. Vilikuwa vijimiti vifupi vyenye majani madogo magumu, hakuna aliyevijua, na wateja walivipita wakielekea kwenye waridi. Mgawa Maji alikuwa amekuja mjini kumchukulia mke wake dawa za kisukari, akaingia kunisalimu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Hiki ni nini?"

"Bluberi. Ni matunda ya kule kwenye baridi, madogo, rangi kama ya wino."

"Yanakunywa kiasi gani?"

"Yanakunywa sana, babu. Mizizi yake iko juu juu, haivumilii kukauka. Wakati wa kiangazi ni kila siku."

"Kila siku," akarudia. "Nawe unajua kwetu zamu ni mara moja kwa wiki."

"Najua."

"Basi huu si mmea wa kwetu."

Akaondoka. Baada ya wiki mbili akarudi, akasimama pale pale, akauliza kama kivuli cha mgomba kinaweza kupunguza kiu ya mche. Nikamwambia kinaweza kupunguza, lakini na jua unalihitaji. Akaenda. Akarudi kuuliza kama maji yaliyooshewa vyombo yanafaa. Akarudi na udongo wa kwake umefungwa kwenye leso, nikamweleza kwamba bluberi inataka udongo mchachu, achanganye unga wa mbao na majani yaliyooza ya msituni. Mwaka ukapita hivyo, na nusu ya wa pili. Bosi alimwita "mkaguzi wetu." Miche mingine ilikufa, mingine ikanunuliwa na hoteli, ikabaki sita, kisha mitano, naye alikuwa bado anauliza.

Sikujua sababu mpaka alipokuja na mke wake. Nilimfahamu bibi yule tangu utoto: mwanamke mrefu, mcheshi, aliyeimba sauti ya juu kwenye kwaya ya wanawake na kumtania mume wake mbele za watu. Sasa alikuwa ameshikwa mkono. Kisukari kilikuwa kimeshachukua jicho la kushoto, na la kulia liliona vivuli tu. Aliinama juu ya mche, akapapasa jani moja baada ya jingine kama mtu anayechambua mboga.

"Ndiyo yenyewe haya?" akaniuliza. "Redioni walisema matunda ya buluu yanarudisha macho."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema, "Hapana, bibi." Nilijua. Nimesoma cheti cha kilimo, si udaktari, lakini nilijua kwamba tunda halirudishi jicho lililokwisha kuondoka. Bosi alikuwa amesimama karibu akipunguza matawi. Nikasema, "Wanasema ni mazuri."

Mzee akanivuta pembeni, nyuma ya mifuko ya mbolea.

"Najua si dawa," akasema. "Daktari ameshaniambia, hilo lililobaki nalo litaondoka. Lakini kila asubuhi ananiuliza kama nimeamua. Nimewaamulia watu maji maisha yangu yote, halafu mke wangu ananiuliza mimi kama nimeamua." Akatazama saa yake yenye mpira. "Ungekuwa mimi, ungepanda?"

"Ningepanda," nikasema.

Nilisema upesi. Nilitaka kumfurahisha, na nilitaka ile miche itoke pale. Sikufikiria mfongo hata kidogo, mimi niliyezaliwa mkiani mwake.

Alipata mahali pa kupanda kwa kung'oa mikahawa mitano ya baba yake, iliyokuwa karibu na mfereji. Ilikuwa imezeeka, inatoa buni za kujaza kofia tu, lakini aling'oa mmoja kwa siku, kwa siku tano, na kila mmoja aliusimamisha ukutani kando ya nyumba kama wageni wanaosubiri kukaribishwa. Unga wa mbao niliuomba kwa fundi seremala wa Majengo, tukaupandisha kwa magunia. Mke wake alikaa kwenye kiti katikati ya shughuli ile akitoa amri asizoweza kuzikagua. "Usilibane shina! Umelibana?" Mzee akajibu, "Sijalibana." Sikuwahi kumwona akiwa na furaha kiasi kile.

Mwaka wa kwanza alijitahidi. Siku ya zamu yake alijaza mapipa mawili, na maji hayo ndiyo aliyoyagawa kwa miche wiki nzima, kikombe kwa kikombe. Kuoga alioga mtoni. Mwaka wa pili vichaka vilifika kiunoni, vikatoa maua meupe kama vikengele, na matunda kiganja kimoja ambayo ndege waliyala yote kabla hayajaiva. Mke wake alisema si kitu, mwakani watafunika chandarua.

Mwakani mvua za masika zilikuja wiki mbili, zikakatika. Mto ukashuka. Mfongo, uliokuwa ukimfika mtoto magotini, ukawa unalowesha kisigino. Mzee alifupisha zamu zote sawasawa, na ya kwake akaikata zaidi ya za wengine. Watu waliona hilo, wakalisema kwa heshima.

Zamu ya mama yangu ilikuwa Jumapili, kuanzia alfajiri hadi saa tano. Alizibua njia ya shambani kwake, akaenda Misa ya kwanza, na akirudi alitarajia kukuta maharage na magimbi yamelowa. Jumapili moja akarudi akakuta pakavu. Ya pili, pakavu. Alinipigia simu akilia. Mama yangu halii ovyo. Lakini yale maharage ndiyo yalikuwa chakula chake mpaka mwaka uishe.

Jumapili ya tatu nilikuwa nyumbani. Sikwenda kanisani, nilikuwa na homa, nikalala. Saa mbili asubuhi nikatoka kuangalia maji, nikakuta mfereji wetu una tope tu. Nikaufuata kwenda juu, taratibu, nikijishikilia kwenye migomba. Vihamba vyote vilikuwa kimya, watu wote wako Misani, na sauti ya kwaya ilisikika kwa mbali. Nikafika kwa Mgawa Maji.

Alikuwa amepiga magoti kwenye udongo, amevaa koti lake la kanisani na mabuti aliyoyaosha. Gogo la mgomba lililoziba mlango wa kihamba chake lilikuwa limewekwa kando. Maji yalikuwa yakiingia, maji ya mama yangu, yakizunguka shina la mche wa kwanza, kisha wa pili, naye aliyaongoza kwa kiganja ili yasipite haraka. Vichaka vilikuwa vimejaa matunda yanayoanza kubadilika rangi, chini ya chandarua cha mbu.

Aliniona. Hakusimama.

"Mwanangu," akasema, "nusu saa tu."

Niligeuka nikarudi nilikotoka. Baada ya muda nikasikia maji yakiteremka nyuma yangu, membamba, yenye majani makavu.

Kikao cha mfongo kiliitishwa Jumapili iliyofuata baada ya Misa, pale kwenye banio, mahali mfongo unapotokea mtoni. Mama alisimama akaeleza. Watu wakaanza kumtazama Aloyce kabla hajamaliza. Aloyce alikuwa mwashi wa miaka thelathini na kitu, ana mke na watoto wawili, na kihamba chake kiko juu yetu kidogo. Alikunywa mbege kupita kiasi, na siku za nyuma alishawahi kukamatwa akizibua. Kiangazi hicho alikuwa amepanda nyanya, nazo zilikuwa zimestawi kwa sababu yeye na mke wake walibeba maji kichwani kutoka mtoni. Nilikuwa nimewaona.

"Si mimi," Aloyce akasema. "Safari hii si mimi. Naapa kwa watoto wangu."

"Nyanya zako zinaapa nini?" mtu akauliza, na watu wakacheka.

Mgawa Maji alikuwa ameketi juu ya jiwe, fimbo katikati ya magoti. Kawaida aliuliza mara moja tu, akaamua. Siku ile aliuliza mara tatu. "Nani aliona?" Kimya. "Nani aliona kwa macho yake?" Kimya. Mara ya tatu aliuliza akinitazama mimi, na uso wake haukuwa wa mtu anayeogopa kutajwa. Ulikuwa uso wa mtu anayeomba. Nami nikatazama miguu yangu.

Nimejiuliza miaka yote kwa nini nilinyamaza. Najiambia ni kwa sababu ya ile siku ya mikono miwili. Najiambia ni kwa sababu mimi ndiye niliyesema ningepanda. Siku nyingine nafikiri ni jambo dogo na baya zaidi: homa ilikuwa haijaniisha, jua lilikuwa kali, Aloyce alikuwa mlevi, na ilikuwa rahisi.

Wazee wakasema Aloyce akose maji hadi mvua. Wakamgeukia Mgawa Maji athibitishe.

"Basi iwe mlivyosema," akatamka.

Hakuwahi kusema hivyo kabla. Siku zote ilikuwa "Nimeamua." Lakini hakuna aliyelitambua hilo isipokuwa mimi.

Matunda yaliiva wiki hiyo hiyo. Jumamosi nilipita kwake na mkate, nadhani nilitaka tu kuona uso wake, nikamkuta amechuma bakuli la chai likajaa. Akamwekea mke wake mapajani, akamwongoza vidole. Bibi akaweka moja mdomoni, akatafuna, sote tukisubiri. Akaweka la pili.

"Mume wangu," akasema, "mbona ladha yake ni maji tu?"

Kisha akacheka kile kicheko chake cha zamani, akala mengine kwa heshima ya kazi iliyofanywa, akatugawia na sisi. Alikuwa sahihi. Nilionja: maji, na uchachu kidogo mwishoni. Mzee hakula. Alichukua kofia yake, akatoka nje.

Nyanya za Aloyce zilikauka kabla hazijaiva, kwa sababu banioni walimzuia hata kuchota kwa ndoo. Walisema maji ni yale yale. Mke wake alichukua watoto akarudi kwao Rombo. Aloyce akafunga mlango kwa waya akaondoka. Wengine walisema yuko Dar, wengine Tunduru. Hakuna aliyemtafuta.

Siku chache baada ya hapo, Mgawa Maji alisimama mwishoni mwa sala za jumuiya, nyumbani kwa jirani, akasema kwamba maji ya Jumapili zile aliyachukua yeye, kwa ajili ya miche yake mitano, na kwamba Aloyce hakuwa na kosa. Mimi sikuwepo, nilikuwa kazini mjini. Mama ndiye aliyenieleza kwa simu.

"Mwanangu, yule mzee ni mtakatifu," akasema. "Ameona yule kijana ameharibikiwa, akaamua kubeba kosa lake mbele yetu sote. Tukamwambia, baba, kaa chini, tunakujua. Akasisitiza. Watu walilia. Mwenyekiti wa jumuiya akamkumbatia. Akasema anataka kuacha kazi ya maji, tukamkatalia. Nani mwingine tumpe?"

Nilikuwa nimeshika ndoo ya kumwagilia.

"Unanisikia?"

"Nakusikia, mama," nikasema. "Ndiyo. Ni mtu mwema."

Hiyo ilikuwa mara yangu ya pili.

Kuanzia hapo heshima yake ikazidi mpaka ikawa adhabu. Watu walimpa mkono kwa mikono miwili. Padri mpya alimtaja kwenye mahubiri, bila jina, lakini kila mtu aligeuka kumtazama. Naye aliinama pale kwenye benchi, mabuti yake yameng'aa, kama mtu anayepigwa. Alikwenda kwa mwenyekiti mara mbili zaidi kueleza tena. Mara ya pili mwenyekiti alimpigia simu binti yake aliyeolewa Chekereni, akamshauri aje amwangalie baba, huenda uzee umeanza kumchanganya.

Vile vichaka hakuving'oa, wala hakuvimwagilia tena. Vilikauka vimesimama. Bibi alifariki miaka miwili baadaye, akiwa haoni kabisa. Wiki zake za mwisho alikuwa anauliza kama matunda yameiva. Kisha ikaja miradi ya mabomba, kila nyumba ikapata koki yake, na hakuna aliyejitokeza tena kusafisha mfongo. Sehemu ya juu iliporomoka. Chini watu walifukia, wakapanda majani ya ng'ombe. Mgawa wa maji hakuhitajika. Binti akaja akamchukua.

Nilimwona mara ya mwisho mwaka huu, Chekereni. Nilikwenda makusudi. Kule ni tambarare, mashamba ya mpunga pande zote, joto linakugonga usoni ukishuka kwenye pikipiki, na mlima unauona kwa mbali asubuhi tu, kabla mawingu hayajaufunika. Mtu wa migomba hawezi kukaa pale bila kuonekana mgeni. Nilimkuta kwenye benchi kibarazani, amekonda, amevaa kandambili. Mbele yake, mfereji mpana wa zege ulipita umejaa maji hadi ukingoni. Hakuwa anautazama.

Binti yake, mwanamke wa makamo, alikuwa anapeta mchele uani. Alinikaribisha, akanieleza mapema kwa sauti ya chini kwamba siku nyingine mzee anajua watu, siku nyingine hajui, nisivunjike moyo.

"Shikamoo, babu."

Alinitazama muda. "Marahaba. Binti wa mkiani."

"Ndiye mimi."

"Mama yako hajambo? Maharage yake?"

"Mama hajambo. Halimi tena, amezeeka."

Akatikisa kichwa polepole. Kisha, bila kuzunguka, kama alivyokuwa akiuliza kwenye banio:

"Uliniona?"

Miaka yote hiyo nilikuwa nimeandaa maneno mengi, na yote yalipotea. "Nilikuona, babu."

"Na mbona hukusema?"

"Niliogopa. Sijui nilichoogopa. Nisamehe."

"Mimi siyo wa kusamehe," akasema. "Sema sasa. Huyu asikie." Akaelekeza kidevu kwa binti yake.

Nikasimama. Nikamwita dada yule kwa heshima, nikamwambia kwamba nina jambo. Akaacha kupeta, akajifuta unga wa mchele kwa khanga. Nikamweleza yote: Jumapili, koti la kanisani, gogo la mgomba, maji ya mama yangu, Aloyce asiyekuwa na kosa. Nilimwambia kwamba baba yake alichukua maji yale na mimi nilimwona. Nilisema kwa sauti ili mzee asikie kila neno.

Dada alinisikiliza mpaka mwisho. Macho yake yakalowa kidogo. Akanishika mkono.

"Asante sana, mdogo wangu," akasema kwa upole. "Wageni wengine wanambishia, basi analia mpaka jioni. Daktari alituambia tumkubalie tu. Ukimkubalia anatulia."

"Simkubalii," nikasema. "Nilimwona kweli. Kwa macho yangu haya."

"Ndiyo, mdogo wangu," akasema. "Ndiyo. Ulimwona." Na sauti ilikuwa ile ile aliyotumia kumwambia baba yake anywe maji.

Akarudi kwenye ungo wake. Mchele ukaanza tena kurushwa na kupokelewa. Niligeuka kumtazama mzee. Hakuwa amekasirika, wala hakuwa akilia.

"Umeona," akasema.

Kisha akajisogeza taratibu hadi mwisho wa benchi, akanipisha nikae naye.